Kupima Ufanisi wa Mbegu za Mwarobaini dhidi ya Nondo Mgongo-Almasi katika Kabichi na Sukuma Wiki: Kwa Nini Vifo vya Saa 24 Havitoshi

IKISIRI

Makala hii inafafanua namna dawa itokanayo na mbegu za mwarobaini (Azadirachta indica) inavyomwathiri nondo mgongo-almasi (Plutella xylostella), mdudu mharibifu wa kabichi na sukuma wiki. Hoja kuu ni kwamba mwarobaini si sumu ya kuangusha mdudu papo hapo. Nguvu yake imo katika kumzuia kiwavi asile, asijivue ngozi na asifikie kuwa nondo mwenye kuzaa. Kwa sababu hiyo, jaribio linalohesabu viwavi waliokufa baada ya saa 24 hupima kitu ambacho dawa hii haifanyi, na huacha kile inachofanya. Makala inaeleza msingi wa kibiolojia wa hoja hiyo, inaonesha kwa hesabu namna hitimisho linavyoweza kugeuka kutokana na muda wa kupima, kisha inapendekeza vipimo na taarifa ambazo tasnifu ya fani hii haina budi kuwa nazo.

1.0 Utangulizi

Kabichi na sukuma wiki hulimwa kwa wingi katika maeneo yenye ubaridi ya Afrika Mashariki. Kwa upande wa Tanzania yapo maeneo kama Lushoto katika milima ya Usambara, Mgeta katika milima ya Uluguru na miteremko ya Mlima Meru. Kwa upande wa Kenya yapo Limuru, Kinangop na vilima vya Taita. Katika maeneo haya mboga hizi ni chakula cha kila siku na ni chanzo cha fedha taslimu kwa mkulima mdogo, kwa kuwa hukomaa kwa muda mfupi na soko lake halikatiki. Palipo na mimea ya jamii hii, yupo pia nondo mgongo-almasi.

Mkulima anayemkuta mdudu huyu shambani kwa kawaida hukimbilia dawa ya dukani. Anapulizia jioni, na asubuhi anapita katika matuta kuangalia kama viwavi wamekufa. Akiwakuta bado wapo hai, huongeza kipimo, hupunguza siku za kungoja kati ya mpulizio mmoja na mwingine, au huchanganya dawa mbili katika bomba moja. Matokeo yake ni gharama kubwa zaidi, mabaki ya sumu katika mboga ambayo itavunwa baada ya siku chache, na mdudu anayezidi kuwa sugu. Hali hii ndiyo iliyowavuta watafiti wengi kuchunguza dawa za mimea, na miongoni mwa mimea hiyo mwarobaini umepewa nafasi ya kwanza.

Hata hivyo, baadhi ya tafiti huipima dawa ya mwarobaini kwa jicho lilelile la mkulima wa asubuhi: waliokufa ni wangapi? Swali hilo lina haki yake kwa dawa inayoshambulia mishipa ya fahamu. Kwa mwarobaini ni swali lisilotosha, na jibu lake huweza kumpotosha mtafiti, mtahini, afisa ugani na hatimaye mkulima. Sehemu zinazofuata zinaeleza kwa nini.

2.0 Nondo mgongo-almasi na usugu wake

Nondo huyu ni mdogo, mwenye urefu wa milimita 8 hadi 9 hivi, rangi ya kijivu inayoelekea hudhurungi. Anapokunja mabawa, kingo zake zenye rangi iliyopauka hukutana mgongoni na kufanya michoro mfano wa almasi, na ndiyo asili ya jina lake. Jike hutaga mayai moja moja au katika vikundi vidogo juu ya majani. Yai linapoanguliwa, kiwavi wa hatua ya kwanza hujipenyeza ndani ya tishu za jani na kula humo. Kuanzia hatua ya pili hutoka nje na kula upande wa chini wa jani, akiacha utando mwembamba wa juu unaong'aa kama kioo cha dirisha. Kiwavi hupitia hatua nne, hufikia urefu wa takribani milimita 10 hadi 12, kisha hujifungia ndani ya kifuko chepesi cha nyuzi na kuwa pupa. Katika joto la wastani, safari kutoka yai hadi nondo huchukua takribani wiki mbili hadi tatu, na ubaridi huirefusha. Hivyo vizazi kadhaa huweza kupishana ndani ya msimu mmoja wa kabichi.

Mimea ya jamii ya kabichi ina kemikali zenye salfa ziitwazo glukosinolati, ambazo jani linapotafunwa hugeuka kuwa mafuta makali yenye harufu ya haradali. Kwa wadudu wengi mafuta hayo ni sumu. Nondo mgongo-almasi ana kimeng'enya tumboni kinachoondoa salfati katika glukosinolati kabla hazijageuka kuwa sumu. Zaidi ya hayo, jike hutumia kemikali hizohizo kuutambua mmea unaofaa kutagia mayai. Kwa maneno mengine, huyu ni mdudu ambaye kwa asili yake amezoea kuzishinda sumu za mimea.

Historia ya mapambano naye inathibitisha jambo hilo. Usugu wake dhidi ya DDT uliripotiwa kutoka Java mwaka 1953. Baadaye ameonesha usugu dhidi ya makundi mengi ya viuatilifu vya viwandani. Mwaka 1990 ulichapishwa ushahidi kutoka mashamba ya Hawaii kwamba amekuwa sugu hata kwa dawa itokanayo na bakteria Bacillus thuringiensis, na hivyo akahesabiwa kuwa mdudu wa kwanza kujenga usugu wa aina hiyo shambani. Mtafiti anayependekeza dawa yoyote dhidi ya mdudu huyu, iwe ya mmea au ya kiwandani, anapaswa kuanza na ukweli huo.

3.0 Mwarobaini unavyofanya kazi

3.1 Asili ya maarifa

Mwarobaini ulitoka Asia ya Kusini na umeenea sana katika pwani na maeneo ya joto ya Afrika Mashariki. Jina lake la Kiswahili hutokana na imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Katika elimu ya wadudu, umaarufu wake ulianza mwaka 1959 nchini Sudan, pale mwanasayansi Mjerumani Heinrich Schmutterer alipoona kwamba nzige waliofyeka mimea mingine waliiacha miarobaini. Mwaka 1968 Butterworth na Morgan nchini Uingereza waliitenga kemikali iliyomzuia nzige wa jangwani asile, wakaiita azadiraktini. Umbo lake kamili lilithibitishwa mwaka 1985, na ilichukua hadi mwaka 2007 kabla ya kundi la Steven Ley wa Cambridge kufaulu kuiunda maabara. Ugumu huo unaeleza kwa nini hadi leo chanzo cha azadiraktini ni mti wenyewe, hususan kiini cha mbegu. Majani yana kiasi kidogo zaidi.

3.2 Njia tatu za athari

Athari za azadiraktini kwa kiwavi zinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kwanza, humzuia kula. Kemikali hii huvisisimua au kuvizuia vihisio vya ladha vilivyo katika sehemu za kinywa, kiwavi akaacha kutafuna. Hata kiwavi aliyeimeza bila kuikataa huanza kula kidogo kwa sababu ya mvurugiko katika mfumo wake wa kumeng'enya chakula.

Pili, huvuruga ukuaji. Kiwavi hawezi kukua bila kujivua ngozi, na tendo hilo huongozwa na homoni ya ekdisoni kwa kusaidiana na homoni ya uchanga. Azadiraktini huzuia utolewaji wa vichocheo vya ubongo vinavyoamuru homoni hizo zitengenezwe. Kiwavi hubaki katika hatua moja kwa siku nyingi, hufa akiwa nusu amejivua ngozi, au hugeuka pupa yenye kilema isiyotoa nondo.

Tatu, hupunguza uzazi. Majike waliopata kiasi kidogo cha dawa wakiwa viwavi, wasife, huweza kutaga mayai machache zaidi.

Katika njia zote tatu hakuna hata moja inayohitaji mdudu afe ndani ya saa 24. Kifo huja siku kadhaa baadaye, wakati wa kujivua ngozi au wa kugeuka pupa. Lakini ulaji, ambao ndio hasa unaomtia mkulima hasara, husimama au hupungua mapema. Kiwavi aliye hai juu ya jani lililopuliziwa mwarobaini si lazima awe kiwavi anayeendelea kuharibu.

3.3 Tofauti na dawa nyingine za mimea

Ni kosa kuziweka dawa zote za mimea katika kapu moja. Pareto, zao linalolimwa katika nyanda za juu za Kenya na za kusini mwa Tanzania, ina piretrini zinazoshambulia mishipa ya fahamu na kumwangusha mdudu kwa dakika chache. Utupa (Tephrosia vogelii), ambao katika sehemu nyingi umetumika pia kuvulia samaki, una kemikali za jamii ya rotenoni zinazozuia seli kupata nishati. Tumbaku ina nikotini, ambayo ni sumu kali ya mishipa ya fahamu hata kwa binadamu anayeichanganya kwa mikono mitupu. Mifano hii inaonesha mambo mawili. Asili ya mmea si dhamana ya usalama, na kila dawa hudai kipimo kinacholingana na namna inavyofanya kazi.

4.0 Muda wa kupima na hatari ya hitimisho lililogeuka

Ili kuliweka wazi jambo hili, tuchukue mfano wa hesabu ambao tarakimu zake ni za kufundishia tu, wala si matokeo ya jaribio lolote. Viwavi 300 wa hatua ya pili wamegawanywa katika makundi matatu ya viwavi 100. Kundi linganishi limepewa majani yaliyochovywa katika maji yenye sabuni, kundi la pili majani yaliyochovywa katika dawa ya mwarobaini, na la tatu dawa ya pareto.

Baada ya saa 24, viwavi 5 wa kundi linganishi wamekufa, 12 wa kundi la mwarobaini wamekufa, na 70 wa kundi la pareto hawasogei. Kwa kutumia kanuni ya Abbott ya mwaka 1925, ambayo huondoa vifo vya kawaida vilivyoonekana katika kundi linganishi, ufanisi wa mwarobaini ni (12 − 5) ÷ (100 − 5) × 100, yaani asilimia 7.4. Ufanisi wa pareto kwa kanuni hiyohiyo ni asilimia 68.4. Tasnifu inayoishia hapo itaandika kwamba mwarobaini haufai.

Tuseme sasa kwamba mtafiti aliendelea kuwalisha na kuwaangalia viwavi hadi siku ya 20, akahesabu nondo waliotoka wakiwa wazima. Kundi linganishi limetoa nondo 80, kundi la mwarobaini nondo 20, na kundi la pareto nondo 40. Ukilinganisha na kundi linganishi, mwarobaini umepunguza kizazi kijacho kwa asilimia 75, na pareto kwa asilimia 50. Mpangilio wa ubora umegeuka. Tena, kwa kuwa viwavi waliokuwa wakisogea katika kundi la pareto walikuwa 30 tu, ni lazima angalau 10 kati ya wale 70 walikuwa wameanguka bila kufa, wakazinduka. Jambo hili linafahamika kwa piretrini, ambazo mdudu huweza kuzivunjavunja mwilini mwake endapo hazikuchanganywa na kiambata cha kuzuia vimeng'enya vyake.

Kipimo cha saa 24 kwa hiyo hukosea pande zote mbili: huipunja dawa ya polepole na huipendelea dawa ya haraka. Mtahini anayekutana na jedwali lenye safu moja ya vifo vya saa 24 ana haki ya kuuliza kilichotokea siku ya tatu, ya saba na ya mwisho.

5.0 Mambo ya kuzingatia katika usanifu wa jaribio

5.1 Umri wa viwavi

Kwa kuwa athari ya azadiraktini inafungamana na kujivua ngozi, umri wa kiwavi siku ya kupuliziwa ni sehemu ya matokeo. Kiwavi wa hatua ya nne aliyekaribia kujifungia amekwisha kula sehemu kubwa ya chakula chake, na homoni za mageuzi huenda zimekwisha kutolewa. Dawa iliyotumika siku hiyo itaonekana dhaifu. Jaribio litumie viwavi wa hatua moja inayotajwa, na ikiwezekana lilinganishe hatua ya pili na ya nne.

5.2 Kutofautisha kukataa chakula na kudhuriwa

Kiwavi aliyekufa juu ya jani lenye mwarobaini huenda amekufa kwa njaa. Ili kujua, mtafiti anahitaji majaribio mawili: moja ambamo kiwavi ana uhuru wa kuchagua kati ya jani lenye dawa na lisilo nayo, na jingine ambamo hana chaguo. Kundi la nyongeza la viwavi wasiopewa chakula kabisa husaidia kutenganisha athari ya njaa na athari ya dawa. Eneo la jani lililoliwa lipimwe kwa sentimita za mraba, na uzito wa pupa uandikwe.

5.3 Kundi linganishi lililo sahihi

Majani ya kabichi yana nta inayofanya maji yateleze. Kwa sababu hiyo dawa ya mwarobaini huchanganywa na sabuni kidogo ili ishike. Sabuni yenyewe, hata hivyo, huweza kuwadhuru viwavi wadogo. Kundi linganishi linalopuliziwa maji matupu halitoshi. Linatakiwa lipate maji yenye kiasi kilekile cha sabuni. Aidha, azadiraktini huharibika katika maji yenye magadi mengi, na hudumu vizuri zaidi katika maji yenye uchachu kidogo. Sabuni ya mche inayotiwa kwa wingi na kuachwa usiku kucha katika dawa huweza kupunguza nguvu ya kile kinachopimwa. Inafaa itiwe muda mfupi kabla ya kupulizia.

5.4 Nguvu halisi ya dawa

Maelekezo yaliyozoeleka ni gramu 50 za kiini cha mbegu kilichotwangwa kwa lita moja ya maji, kulowekwa usiku kucha na kuchujwa. Tasnifu hukiita kiwango hiki asilimia 5, na wengi huishia hapo. Lakini asilimia 5 ya mbegu si asilimia 5 ya azadiraktini. Ikiwa gramu moja ya kiini ina miligramu 2 za azadiraktini, gramu 50 zina miligramu 100. Ikiwa ina miligramu 6, gramu 50 zina miligramu 300. Kwa maelekezo yaleyale, dawa moja imekuwa na nguvu mara tatu ya nyingine. Tofauti za namna hiyo hutokana na mti, mahali, ukomavu wa tunda, ukaushaji na muda wa kuhifadhi. Mbegu zilizoota ukungu zisitumike. Pale ambapo maabara haina uwezo wa kupima azadiraktini, mtafiti aeleze walau mahali na mwezi mbegu zilipookotwa, zilivyokaushwa na zilivyohifadhiwa, ili mwingine aweze kurudia kazi hiyo.

5.5 Jua, mvua na upande wa chini wa jani

Mwanga wa jua huivunja azadiraktini ndani ya siku chache. Kupulizia jioni kunaipa dawa usiku mzima wa kufanya kazi kabla ya jua kuchomoza. Kwa kuwa viwavi hula upande wa chini wa jani, bomba lielekezwe chini hadi juu. Mvua nayo ina pande mbili. Huosha dawa, lakini pia huangusha na kuwazamisha viwavi wadogo, ndiyo maana mashambulizi huwa makali zaidi wakati wa kiangazi. Jaribio la msimu mmoja wa mvua huweza kuonesha kwamba hakuna tofauti kati ya dawa na kundi linganishi, kumbe mvua ndiyo iliyofanya kazi kote. Misimu miwili, mmoja ukiwa wa kiangazi, ndiyo kiwango cha chini kinachoaminika.

5.6 Ukubwa wa vipande vya shamba na takwimu

Nondo huruka. Katika vipande vidogo vilivyopakana, nondo kutoka kipande kisichopuliziwa hutaga mayai katika kipande kilichopuliziwa. Hivyo faida ya mwarobaini katika kupunguza uzazi, ambayo huonekana katika kizazi kinachofuata, hufunikwa na wageni. Njia pana kati ya vipande hupunguza tatizo hili lakini hailimalizi. Mtafiti akiri mipaka hiyo anapofasiri matokeo.

Katika uchanganuzi, kipimo cha marudio ni kipande cha shamba, si mche. Miche kumi iliyohesabiwa ndani ya kipande kimoja ni rudio moja, wala si marudio kumi. Idadi za viwavi, ambazo mara nyingi huwa na sifuri nyingi, zinahitaji mbinu za takwimu zinazokubaliana na asili yake badala ya kulazimishwa katika uchanganuzi unaodai mtawanyiko wa kawaida.

6.0 Maadui asilia na swali la usugu

Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, kinachojulikana kwa jina la ICIPE na chenye makao yake Nairobi, kilimleta nyigu mdogo Diadegma semiclausum kutoka Taiwan, na mwaka 2002 akaachiliwa katika mashamba ya Kenya, yakiwemo ya vilima vya Taita. Nyigu huyu hutaga yai ndani ya kiwavi wa nondo mgongo-almasi, na mtoto wake humla kiwavi kutoka ndani. Amestawi katika maeneo ya ubaridi. Dawa kali inayoua wadudu wote humuua na yeye, na mkulima akabaki na mdudu sugu asiye na adui.

Mwarobaini una nafuu hapa, kwa kuwa athari yake kubwa humpata mdudu anayelitafuna jani, na nyigu hatafuni majani. Tena kiwavi anayekaa siku nyingi katika hatua moja huwa wazi kwa maadui kwa muda mrefu zaidi. Lakini kiwavi aliyekwisha tagiwa yai akifa mapema kwa dawa, mtoto wa nyigu hufa pamoja naye. Kwa hiyo kauli kwamba mwarobaini hauwadhuru wadudu rafiki haifai kuandikwa kama jambo lililokwisha kuthibitika kwa kila hali. Yafaa ipimwe, kwa kuwakusanya viwavi kutoka vipande vyote na kuhesabu ni wangapi wanatoa nyigu.

Kuhusu usugu, upo utafiti wa Feng na Isman uliochapishwa mwaka 1995 unaostahili kuangaliwa. Waliwalea vidukari aina ya Myzus persicae kwa vizazi 40, kundi moja likipuliziwa azadiraktini iliyosafishwa, jingine dawa ya mbegu za mwarobaini yenye kiasi kilekile cha azadiraktini. Kundi la kwanza lilijenga usugu wa mara tisa. Kundi la pili halikujenga. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mbegu ina mchanganyiko wa kemikali nyingi, na ni vigumu zaidi kwa mdudu kuzishinda zote kwa pamoja. Vidukari si nondo, na matokeo hayo hayawezi kuhamishwa moja kwa moja. Hata hivyo yanatoa sababu ya kisayansi ya kuithamini dawa inayotwangwa kijijini, ambayo mara nyingi huonwa kuwa duni mbele ya bidhaa iliyosafishwa.

7.0 Kutoka jedwali hadi shambani

Tofauti ya kitakwimu si lazima iwe faida kwa mkulima. Katika kabichi, majani ya nje huondolewa kabla ya kuuza, hivyo matundu machache kabla ya kichwa kuanza kufunga huvumilika. Katika sukuma wiki, jani lenyewe ndilo bidhaa, na madirisha machache yanatosha kulikataza sokoni. Dawa inayosimamisha ulaji polepole huweza kutosha kwa kabichi changa na isitoshe kwa sukuma wiki iliyokaribia kuchumwa. Kipimo cha mwisho kiwe idadi na uzito wa vichwa au mafungu yanayokubalika sokoni, pamoja na hesabu ya gharama.

Katika gharama hizo, lipo jambo ambalo tafiti nyingi hulipita. Mwarobaini hustawi katika maeneo ya joto, kabichi hustawi katika ubaridi. Mkulima wa Lushoto au Kinangop hana mwarobaini mlangoni pake. Mbegu sharti ziokotwe nyanda za chini katika msimu wake, zikaushwe kivulini, zisafirishwe, zihifadhiwe pakavu, zibanguliwe na kutwangwa. Kazi hiyo ina thamani, na anayeifanya mara nyingi ni mwanamke au kijana wa nyumbani ambaye saa zake hazihesabiwi katika jedwali la gharama. Tasnifu inayosema dawa hii ni ya bure haijaihesabu.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Mwarobaini humzuia nondo mgongo-almasi kwa njia zinazochukua siku kadhaa kukamilika. Kuupima kwa vifo vya saa 24 ni kuupa mtihani wa dawa nyingine. Utafiti unaofanya hivyo huweza kuikataa dawa inayofaa, na mkulima aliyeshauriwa kwa msingi huo hurudi katika mchanganyiko wa sumu. Kwa upande mwingine, utafiti unaoupokea mwarobaini kwa sababu tu ni wa asili humfanya mkulima apoteze zao na imani.

Makala inapendekeza kwamba tasnifu inayochunguza dawa ya mwarobaini dhidi ya mdudu huyu ioneshe, kwa uchache, mambo yafuatayo:

(a) hatua ya viwavi waliotumika, na ufuatiliaji wao hadi kutoka kwa nondo;

(b) kiasi cha jani kilicholiwa, uzito wa pupa na idadi ya nondo wazima;

(c) kundi linganishi lenye sabuni ileile, pamoja na dawa ya kulinganishia ambayo utendaji wake unajulikana;

(d) asili, ukaushaji na uhifadhi wa mbegu, na kiasi cha azadiraktini pale inapowezekana;

(e) misimu miwili ya shambani, pamoja na kumbukumbu za mvua;

(f) idadi ya viwavi waliotoa nyigu katika kila kipande;

(g) mavuno yanayokubalika sokoni, na gharama zote ikiwemo kazi ya kuandaa mbegu.

Afisa ugani atakayepokea matokeo ya namna hiyo ataweza kumweleza mkulima jambo lililo wazi: pulizia mapema viwavi wakiwa wadogo, pulizia jioni, rudia baada ya siku chache, na asubuhi usihesabu maiti za viwavi, bali tazama kama majani mapya yanatobolewa.